Kitenzi “hear” kinapokugomea: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

“I am hearing cold.” “I hear a bad smell.” “Listen me.” “I heard him to shout.” “I look forward to hear from you.” Yeyote anayesahihisha Kiingereza cha Waswahili, iwe darasani, kwenye barua za kuomba kazi au kwenye usaili wa simu, hukutana na sentensi za namna hii kila mara. Wanaoziandika si wavivu. Wengi wamesoma Kiingereza tangu shule ya msingi na wanajua vizuri kwamba “hear” ni kusikia. Matatizo yanaanzia hapo hapo, kwa sababu kusikia kwetu kuna kazi nyingi: sikio linasikia mlio, pua inasikia harufu, ulimi unasikia chumvi, ngozi inasikia baridi, tumbo linasikia njaa, na mgeni anayeelewa lugha ya kwenu mnasema anaisikia. Kitenzi -sikia ni fundi wa mtaani anayeziba pancha, anachomelea geti na kunyoosha bodi la gari. “Hear” ameajiriwa kwa kazi moja, ya sikio. Ukimpa nyingine anagoma.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili kinatangulia chanzo kinachotokea zaidi, kisha vile vya nadra. Tafuta dalili yako, fanya ukaguzi mwepesi kwanza, na usikimbilie kitabu cha sarufi kabla ya hapo.

Ukaguzi wa kwanza kwa kosa lolote: ziba masikio

Jiulize: kama ningekuwa nimeziba masikio yote mawili kwa vidole, ningelijua jambo hili? Baridi ningeijua. Njaa ningeijua. Samaki aliyeoza ningemjua kabla sijaingia jikoni. Jibu likiwa ndiyo, “hear” haina kazi hapo, itoe. Lakini adhana, honi ya daladala, mtoto anayelia chumba cha pili, vyote hivyo vinapotea ukiziba masikio. Hapo “hear” inabaki.

Kipimo hiki kinavuja mahali pamoja tu, kwenye habari. Mtu anaweza kuandika “I hear you're getting married” kwa jambo alilolisoma kwenye WhatsApp bila sikio lake kufanya kazi yoyote. Habari zina dalili yake, ya tano.

Dalili ya 1: Unaeleza hali ya mwili wako, msikilizaji anakunja uso

Mifano inayoripotiwa: “I am hearing hunger”, “I hear sleep”, “I hear pain in my back”. Wapo pia wanaosema “I am seeing cold”, na hao ni wale ambao kwao baridi, njaa na aibu huonwa badala ya kusikiwa: naona baridi, naona haya.

Chanzo cha kawaida ni kuhamisha -sikia au -ona ya mwili moja kwa moja. Marekebisho mepesi: kwa hali nyingi za mwili Kiingereza hakitaki kitenzi cha hisi kabisa. Kinataka “be” na kivumishi. Nasikia baridi ni “I'm cold”. Nasikia njaa ni “I'm hungry”. Kiu, “I'm thirsty”. Usingizi, “I'm sleepy”. Ukitaka kitenzi, tumia “feel”, lakini kiache kifuatwe na kivumishi: “I feel cold”, “I feel dizzy”. Hapa ndipo wengi hurekebisha nusu. Wanatoa “hear”, wanaweka “feel”, kisha wanaacha nomino ileile ya Kiswahili: “I feel hunger”, “I feel sleep”. Ya kwanza inaeleweka ila inasikika kama shairi. Ya pili ni kosa.

Hali nyingine hazina kitenzi cha hisi wala mtu kama kiima. Kiungo chenyewe kinakuwa kiima. Nasikia ganzi mkononi: “My hand is numb”. Nasikia moyo unaenda mbio: “My heart is racing”. Nasikia maumivu ya mgongo: “My back hurts”, au “I have a pain in my back”.

Chanzo cha pili ni kile kiambishi -ji- cha najisikia. Kinazaa “I feel myself bad”. Kiingereza hakikihitaji: najisikia vibaya ni “I don't feel well”. Tena “to feel yourself”, ikisemwa peke yake, inaweza kueleweka kuwa unajipapasa, jambo ambalo si la kumwambia bosi ukiomba ruhusa ya kwenda hospitali.

Chanzo cha tatu, cha nadra lakini chenye kuchekesha, ni “sick”. Uingereza, ukisema “I feel sick” wanaelewa una kichefuchefu, na huenda ukaletewa beseni. Marekani wanaweza kuelewa tu kwamba unaumwa. Kama shida ni kutapika, sema “I feel like vomiting” na utaeleweka pande zote mbili.

*Simama hapa.* Ukiwa mbele ya daktari asiyejua Kiswahili, usijaribu kujirekebisha mwenyewe sentensi kwa sentensi. Kuna makosa mawili ambayo hayaishii kwenye kicheko. La kwanza ni uchungu. Mjamzito anayesema nasikia uchungu, akilitafsiri kwa kamusi, anaweza kuishia kwenye “I hear bitterness”, wakati anachohitaji kusema ni “I'm in labour” au “I'm having contractions”, na haraka. La pili ni zito zaidi. Mswahili anayesema nasikia kitu kinatembea mwilini anaeleza hisia ya ngozi au misuli, pengine ganzi. Akiitoa kama “I hear something walking in my body”, au akisema “I hear voices” akimaanisha majirani wanaompigia kelele usiku, anatumia maneno ambayo daktari amefundishwa kuyachukulia kama dalili ya ugonjwa wa akili. Majirani ni “I can hear people talking at night through the wall”. Na kama kweli unasikia sauti pale ambapo hakuna mtu, usiifiche kwa kuogopa sarufi. “I hear voices” ndiyo sentensi sahihi na daktari anahitaji kuijua.

Kwa mazungumzo ya aina hii omba mkalimani: “I need a Swahili interpreter, please.” Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, humpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kutoa msaada wa lugha bure. Usimtumie mtoto wako, hata kama Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha daktari. Atafupisha asichokielewa na kuruka anachokionea aibu.

Dalili ya 2: Harufu inaingia sikioni

“I am hearing a smell of gas.” Chanzo ni kimoja karibu siku zote: kwetu harufu husikiwa. Rekebisha kwa “can smell”: “I can smell gas”. Hiyo “can” usiiache. Vitenzi vya hisi kwa Kiingereza huipenda pale jambo linapotokea sasa hivi, kama utakavyoona kwenye dalili ya tatu.

Ukishaingiza “smell”, tatizo linageuka upande wa pili, kwa kuwa safari hii Kiingereza ndicho chenye neno moja la kazi nyingi. Sisi tuna kunusa, kunuka, kunukia na kusikia harufu. Wao wana “smell” kwa zote nne, na mpangilio wa maneno ndio unaotofautisha. “I smell something” ni nasikia harufu ya kitu. “I smell” ikiishia hapo ni mimi nanuka. “The food smells good” ni chakula kinanukia. “Smell this” ni hebu nusa. Kwa hiyo kabla hujafunga sentensi inayoanza na “I smell”, hakikisha kuna kitu nyuma yake.

Kwenye ulimi ni rahisi. Nasikia chumvi nyingi ni “It tastes too salty”.

Kuhusu gesi, neno moja nje ya sarufi. Gesi ya mitungi haina harufu yake yenyewe inayotambulika kirahisi. Huwekewa kemikali za jamii ya merkaptani makusudi ili pua igundue uvujaji. Ukimwambia anayepokea simu ya dharura “I hear gas”, anaweza kuelewa kwamba gesi inapiga mluzi ikitoka kwa nguvu, na hiyo ni taarifa nyingine kabisa. Ila hapa usikae kupanga maneno. Toka nje kwanza, usiwashe wala kuzima swichi, kisha piga simu na useme “gas leak”. Maneno hayo mawili yanatosha.

Dalili ya 3: “I am hearing you” kwenye simu na mikutano ya mtandaoni

Swali la kwanza la kila mkutano wa Zoom Afrika Mashariki ni “Are you hearing me?” Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kila mtu anaelewa na hakuna anayeshtuka. Sioni sababu ya kumsahihisha mwenzako kwenye kikao cha ofisini. Lakini kwenye mtihani, au kwenye usaili na watu wasiouzoea Kiingereza chetu, sentensi hiyo inajitokeza.

Chanzo cha kawaida ni -na-. Unanisikia inafanya kazi mbili kwetu, ya kinachoendelea sasa na ya hali iliyopo, na tumefundishwa kwamba -na- ni “-ing”. “Hear” kwa maana ya sikio kupokea sauti hakikubali “-ing” kirahisi, kwani kwa Kiingereza hicho ni kitu kinachokupata, wala hukifanyi. Weka “can”: “Can you hear me?”, “I can hear you”, “I can't hear you, you're breaking up”.

Ukaguzi wa pili, wa wale waliokaririshwa kwamba “hearing” ni mwiko na sasa wanaikwepa hata inapofaa: “hear” huvaa “-ing” bila shida pale panapohusika habari zinazokuja kidogo kidogo. “I've been hearing good things about your school” ni Kiingereza safi. Ni tumekuwa tukisikia sifa zenu. “You're hearing things” ni unasikia vitu visivyokuwapo. Jaji naye huweza kuwa “hearing a case”, na hilo linatupeleka mbele.

Dalili ya 4: “Hear” na “listen” zinabadilishana viti

Inashangaza kwamba tunakosea hapa, maana Kiswahili kimeshatufanyia kazi. Tuna -sikia na tuna -sikiliza, na mpaka wake unakaribiana sana na wa “hear” na “listen”. Nilisikiliza lakini sikusikia kitu: “I listened but I heard nothing”. Anayeielewa sentensi hiyo moja ameelewa karibu somo zima.

Basi hitilafu inatoka wapi? Kwanza kabisa inatoka kwenye kihusishi. -sikiliza inashika mtu moja kwa moja, nakusikiliza, ndiyo maana tunasema “I am listening you”. “Listen” haishiki mtu bila “to”: “I'm listening to you”, “listen to the radio”. Ukaguzi ni mwepesi: kama kuna mtu au kitu baada ya “listen”, lazima “to” iwe katikati. Kama hakuna, “to” nayo isiwepo: “Listen!” Na herufi “t” ndani ya “listen” haitamkwi.

Pili inatoka kwenye mazoea ya kuita mtu kwa “sikia”. Sikia bwana, sikia nikwambie. Hiyo ni “Listen”, si “Hear”. “Hear me, my friend” inasikika kama mtume anahutubia mlimani. Ipo hata hivyo “Hear me out”, ambayo ni nisikilize mpaka nimalize, nayo hutumika pale mtu anapokaribia kukukatiza.

Chanzo cha tatu ni cha wale waliosoma sana. Wamejifunza kwamba kusikiliza ni “listen to”, wanaitumia kila mahali, na wanaingia nayo mahakamani: “The court will listen to the case on Monday.” Kwetu kesi husikilizwa, lakini kwa Kiingereza mahakama “hears” a case, na kikao chenyewe ni “a hearing”. Vivyo hivyo kwenye ibada: “Hear our prayer”. Hapo “hear” imebeba maana nzito ya kupokea neno la mtu na kulitolea uamuzi. Usiirekebishe, haijaharibika.

Bungeni pia. “Hear, hear!” ya Bunge la Uingereza ni mkato wa “hear him”, msikilizeni huyo, na huandikwa kwa “hear”, kamwe si “here, here”. Kwetu wabunge hugonga meza, na kumbukumbu rasmi za Dodoma huandika tu Makofi.

Dalili ya 5: Habari na barua

Hapa ndipo fedha zinapopotea, kwa sababu makosa haya hukaa kwenye barua za kuomba kazi.

Linaloongoza ni “I look forward to hear from you”. Chanzo chake kinaeleweka: tumezoea “to” inayofuatwa na kitenzi kikavu, “I want to hear”, “I hope to hear”. “To” ya “look forward to” ni ya namna nyingine, ni kihusishi, sawa na ile ya “to Mombasa”. Ukaguzi: jaribu kuweka nomino mahali pa kitenzi. “I look forward to your reply” inakubali, kwa hiyo kitenzi kikija hapo lazima kivae “-ing”: “I look forward to hearing from you”. Jaribu sasa “I hope to your reply”. Inakataa, kwa hiyo “I hope to hear from you” ibaki ilivyo. Ukaguzi huu unatibu pia “I am used to hear” na “I object to hear”.

Linalofuata ni kuchanganya “hear”, “hear of”, “hear about” na “hear from”. Kwetu vyote hivyo vinaweza kubebwa na kusikia na kupata habari. Umewahi kumsikia Siti binti Saad? Kwa Kiswahili swali hilo lina maana mbili na muktadha ndio unaochagua. Kiingereza kinakulazimisha uchague mwenyewe. “Have you heard Siti binti Saad?” inauliza kama sauti yake imewahi kufika masikioni mwako, jambo linalowezekana kwa sababu alirekodi sahani huko Bombay mwaka 1928. “Have you heard of Siti binti Saad?” inauliza kama unajua tu kwamba aliwahi kuwepo mtu wa jina hilo. Mwanafunzi akiandika “I have never heard Shaaban Robert” amesema ukweli, maana mshairi huyo alifariki mwaka 1962, ila huenda si ukweli aliokusudia.

“Hear about” inabeba tukio na undani wake: “I heard about the accident”. “Hear from” inabeba mtu aliyekupa habari zake mwenyewe, kwa simu, barua au ujumbe: “I haven't heard from my brother since Ramadan”. Ukisema “I haven't heard my brother”, umesema hujasikia sauti yake, pengine yuko chumba cha pili kimya.

Kuna na “won't hear of it”. Hii haihitaji maelezo kwa Mswahili: baba yake hataki hata kulisikia. “Her father won't hear of it.”

Tatu, wakati. Nimesikia unahama: wengi huandika “I have heard that you are moving”, na si kosa. Lakini Waingereza na Wamarekani katika mazungumzo hupenda “I hear you're moving”, kwa wakati uliopo, ingawa habari ilifika jana. Ukiikuta usidhani mtu anakosea. Ni namna ya kuileta habari mezani kwa upole, bila kutaja aliyeileta.

Na la mwisho, la nadra, linalogharimu kwenye biashara: “I hear you”. Mtu akikujibu hivyo kwenye mjadala wa bei, amesema hoja yako imemfikia. Hajakubali. Subiri “but” inayofuata. Anayelijua “nimekusikia” la mzee wa ukoo anayefunga kikao bila kutoa jibu, hatashangaa.

Dalili ya 6: Kitenzi kinachofuata “hear” hakikai sawa

“I heard him to shout.” “I heard him shouted.” “I heard she crying.”

Chanzo cha kwanza ni “to” iliyoingia bila kualikwa. Baada ya “hear” na mtu, kitenzi huja kikavu au na “-ing”: “I heard him shout”, “I heard him shouting”. Mtu naye huwa katika umbo la kutendwa, “him, her, them”, sawa kabisa na -m- na -wa- ndani ya nilimsikia na niliwasikia. Kama kwa Kiswahili umeweka kiambishi hicho ndani ya kitenzi, kwa Kiingereza weka “him” au “them”.

Kuchagua kati ya viwili hivyo kunahitaji utulivu, maana -ki- yetu inafunika vyote. Nilimsikia akiimba inaweza kuwa wimbo mzima au kipande ulichokinasa ukipita dirishani. Jiulize: nilisikia mpaka mwisho? Kama ndiyo, kitenzi kikavu: “I heard her sing the national anthem”. Kama ulikuta inaendelea, “-ing”: “I heard her singing as I passed”. Kwa jambo la ghafla lisilo na katikati, kama mlango kufungwa kwa kishindo au bunduki kulia, kavu ndiyo inayofaa: “I heard the door slam”. Ukiandika “slamming” mlango unakuwa unajipiga tena na tena kwa upepo.

Chanzo cha pili ni kuchanganya miundo miwili. “I heard him shouted” ni ndoa ya “I heard him shout” na “I heard that he shouted”. Zitenganishe, kwani maana zake hazifanani: ya kwanza ni sikio lako, ya pili ni maneno ya watu.

Cha tatu hutokea kwenye maandishi rasmi tu. Ukigeuza sentensi iwe ya kutendwa, ile “to” iliyofukuzwa inarudi: “He was heard to say that he would resign.” Hakuna sababu nzuri ya kukumbukwa, kariri.

Dalili ya 7: “Do you hear English?”

Fupi. Kusikia lugha ni “understand”, na mara nyingi “speak” inatosha: “Do you speak English?” Ukimuuliza mtu “Do you hear Swahili?” atatega sikio atafute nani anaongea.

Dalili ya 8: Umeandika au kutamka sawa, bado hueleweki

“Hear” na “here” hutamkwa sawasawa, kwa hiyo kosa huonekana kwenye maandishi tu. Ndani ya “hear” mna “ear”, sikio. Angalia kama lipo. “Heared” hakuna, ni “heard” kwa wakati uliopita na kwa timilifu pia.

Kwenye matamshi, “heard” haifuati “beard”. Inaimbana na “bird” na “word”. Irabu yake haimo kati ya tano zetu, na wengi wetu huweka “a” mahali pake, ndipo “I heard a dog” inapofika kwa msikilizaji kama “I had a dog”, na anakupa pole. Weka ulimi katikati ya kinywa, usiuinue wala kuushusha, midomo isitandazwe wala kuviringwa, kisha vuta sauti kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyodhani inatosha. Usipoipata, zungushia maneno: “I heard a dog barking outside” haiwezi kukosewa hata kwa lafudhi nzito.

Pale unapotakiwa kuacha kabisa kujitafsiria: ushahidi

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 63, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona, la kusikika na aliyelisikia, na linalotambulika kwa hisi nyingine lisemwe na aliyelitambua kwa hisi hiyo. Msingi huo umetoka kwenye Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, nao umo pia katika sheria ya Tanzania. Hisi zimetenganishwa moja moja. Kisha anasimama shahidi anayesema nilisikia.

Kwa Kiswahili mara nyingi hakuna utata. Nilimsikia akiondoka ni sikio lake. Kiambishi -m- kinalithibitisha. Nilisikia ameondoka ni habari aliyoletewa. Nilisikia harufu ya petroli ni pua. Zikipita mikononi mwa mtu mwenye haraka, zote tatu zinaweza kuandikwa “I heard”, na mwenye kusoma jalada baadaye ataona shahidi anayejigonga au anayeleta umbea. Zinavyotakiwa kuandikwa ni “I heard him leave”, “I was told that he had left” pamoja na jina la aliyekwambia, na “I smelled petrol”. Hali ni hiyo hiyo kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi Ulaya au Marekani Kaskazini, ambako maelezo ya kwanza na ya pili hulinganishwa neno kwa neno.

Hapa hata mwalimu wa Kiingereza anyamaze, mkalimani wa mahakama afanye kazi yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(2)(m), inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Ukiwa shahidi au mwombaji, msaidie mkalimani kwa kuivunja -sikia mwenyewe kabla haijamfikia: sema nilisikia kwa masikio yangu, au nilinusa, au niliambiwa na fulani. Na kabla ya kusaini karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiingereza, omba usomewe yote kwa Kiswahili, ukisimamia kila mahali ilipotokea “heard” mpaka ujue ni sikio la nani.